Fedha za Utafiti wa Muungano wa Viini Ziende Penye Pengo

Mwezi Julai mwaka 2024 viongozi wa mradi wa ITER, unaojengwa Cadarache kusini mwa Ufaransa, waliutangazia ulimwengu kwamba mtambo huo hautaanza kazi za utafiti hadi mwaka 2034, na kwamba fueli yake halisi haitawashwa hadi mwaka 2039. Mkataba wa kuujenga ulipotiwa sahihi mjini Paris mwezi Novemba 2006, wananchi wa nchi wachangiaji walikuwa wameelezwa kwamba mtambo ungewashwa mwaka 2016, na kwamba gharama ya ujenzi ingekuwa euro bilioni 5 hivi. Sasa nyongeza peke yake iliyotangazwa pamoja na ratiba mpya ni euro bilioni 5, na makadirio ya jumla yanayotajwa mara nyingi yanapita euro bilioni 20.

Taarifa ya namna hiyo inapotoka, mabishano huzuka upesi. Wapo wasemao kwamba fedha zote hizo zimetupwa baharini, na kwamba nishati ya kuunganisha viini vya atomi ni ndoto ambayo kila kizazi huahidiwa kuiona baada ya miaka thelathini. Wapo pia wasemao kwamba elimu haina bei, na kwamba anayedai hesabu ni adui wa maendeleo. Pande zote mbili zinalikwepa swali lililo kubwa zaidi: fedha ya mlipa kodi inunue nini kwanza, inunue nini baadaye, na ni mambo gani waachiwe wenye mitaji wayagharimie wenyewe?

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kukumbuka kwanza kazi yenyewe ni ipi. Vinu vya nyuklia vinavyozalisha umeme leo hupasua viini vizito vya urani. Kinachotafutwa hapa ni kinyume chake, yaani kuviunganisha viini vyepesi, kama inavyotokea ndani ya jua. Njia iliyo nyepesi kuliko nyingine ni kuunganisha aina mbili za haidrojeni: deteriamu, ambayo hupatikana katika maji ya bahari, na tritiamu, ambayo ni adimu mno. Viini hivyo vinapoungana huzaa kiini cha heliamu pamoja na nutroni moja yenye kasi kubwa, na nutroni hiyo huchukua sehemu nne katika tano za nguvu yote inayopatikana. Lakini viini hivyo husukumana, kwa kuwa vyote vina chaji ya aina moja. Ili vikubali kuungana, gesi yake lazima ipashwe moto hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, yaani mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hakuna chungu cha kuhimili moto wa namna hiyo. Kwa hiyo gesi hiyo, iitwayo plazma, huzuiwa na nguvu za sumaku isiguse kuta, ndani ya mtambo wenye umbo la mpira wa baiskeli uliojazwa upepo, uitwao tokamaki. Njia nyingine ni kuibana ghafla punje ndogo ya fueli kwa miale ya leza.

AHADI NA UKAME

Historia ya kazi hii ni historia ya ahadi kubwa na ukame wa fedha. Mwaka 1955, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Geneva, mwanasayansi wa India, Homi Bhabha, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano huo, alitabiri kwamba njia ya kuitawala nguvu hii ingepatikana katika muda wa miaka ishirini. Mwezi Januari 1958 Waingereza walitangaza kwamba mtambo wao wa ZETA, huko Harwell, ulikuwa umefaulu. Miezi michache baadaye iliwabidi wayameze maneno yao. Mafanikio ya kweli yalitoka Urusi ya Kisovieti. Mwaka 1968, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki uliofanyika Novosibirsk, mabingwa wa Moscow walitoa matokeo ya tokamaki yao ya T-3, ambayo wenzao wa Magharibi hawakuyasadiki. Mwaka uliofuata, ingawa vita baridi ilikuwa imepamba moto, kikundi cha wataalamu wa Uingereza kutoka Culham kilikwenda Moscow na vyombo vyake vya leza, kikapima, kikakiri kwamba Warusi walisema kweli. Tangu hapo dunia nzima ikafuata njia ya tokamaki.

Kisha bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, na serikali za nchi tajiri zikakumbuka kwamba kuna nishati nyingine. Mwaka 1976 wakala wa utafiti wa nishati wa Marekani ulitoa mpango ulioonyesha kwa viwango mbalimbali vya fedha muda ambao ungehitajika. Kiwango cha juu kingeileta nishati hii katika miaka ya 1990. Kiwango cha chini kabisa, kwa mujibu wa mpango huo huo, kisingeileta kamwe. Mwezi Oktoba 1980 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyolenga mtambo wa mfano kabla ya mwisho wa karne, kwa matumizi yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 20 katika miaka 20. Sheria ilipitishwa, fedha hazikutolewa. Bei ya mafuta iliposhuka katika miaka ya 1980, hamu ya wakubwa nayo ilishuka, na kwa miaka mingi utafiti ukaendeshwa kwa kiasi kilicho chini hata ya kile ambacho mpango wa 1976 ulisema kisingefikisha mahali popote.

Mfano ulio mchungu kuliko yote ni ule wa Livermore, California. Huko serikali ya Marekani ilijenga mtambo mkubwa wa sumaku uitwao MFTF-B kwa dola milioni 372. Mwezi Februari 1986 sherehe ya kukamilika kwake ilifanyika, hotuba zikatolewa, na papo hapo mtambo ukafungwa kwa kuwa bajeti ya kuuendesha haikuwapo. Haukuwashwa hata siku moja. Miaka kumi baadaye, katika bajeti ya mwaka 1996, fungu la utafiti huu nchini humo lilipunguzwa kwa theluthi moja hivi, na mwaka 1997 tokamaki kubwa ya Princeton ikafungwa, ingawa ilikuwa imetoa megawati 10.7 za nguvu ya muungano mwaka 1994.

Wahenga wamesema papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini kamba inayoondolewa jiweni kila baada ya uchaguzi haikati kitu. Wanaowacheka wanasayansi kwa kuchelewa wangefanya haki kuwacheka pia wale waliopiga kura ya sheria, kisha wakafunga mfuko. Hata hivyo haki inadai yasemwe yote mawili. Ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani waasisi wake, na baadhi ya mabingwa walitoa ahadi nono kwa sababu walijua kwamba bila ahadi nono hazina haifunguki.

Wajerumani walionyesha njia nyingine. Mtambo wao wa Wendelstein 7-X, ulioko Greifswald, ni wa aina iitwayo stelareta, ambayo sumaku zake zimepindwapindwa kwa namna ngumu sana kutengeneza. Ujenzi wake ulichelewa kwa miaka mingi na gharama ikapanda kupita makadirio. Wamarekani nao walikuwa wakijenga ndugu yake mdogo huko Princeton, uitwao NCSX. Gharama ilipopanda waliuvunja mwaka 2008, na sehemu zake kuu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Wajerumani walirekebisha uongozi wa mradi, wakaendelea, na mtambo wao ukawashwa Desemba 2015. Leo ndio unaoongoza duniani katika aina yake, na wataalamu wa Princeton wenyewe husafiri kwenda Greifswald kufanya majaribio.

JENGO LA CADARACHE

Mradi wa ITER ulizaliwa na siasa. Novemba 1985, walipokutana Geneva, Ronald Reagan na Mikhail Gorbachev walikubaliana kuhimiza ushirikiano wa mataifa katika utafiti huu. Leo wanachama ni saba: Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani. Ulaya hubeba asilimia 45 hivi ya gharama za ujenzi na kila mmoja wa wengine asilimia 9 hivi. Shabaha ni kupata megawati 500 za nguvu ya muungano kwa kuipasha plazma joto la megawati 50. Mtambo huu hautatoa umeme. Ni chombo cha kuthibitisha.

Gharama yake haikupanda kwa sababu ya sayansi peke yake. Wanachama hawakutia fedha katika mfuko mmoja na kumwajiri fundi mmoja. Kila mmoja alitaka viwanda vyake vipate kazi na wataalamu wake wapate ujuzi, na kwa hiyo michango mingi hutolewa kwa vitu. Chumba kikuu cha plazma kimegawanywa vipande tisa: vitano vinatengenezwa Ulaya na vinne Korea. Sumaku kubwa zenye umbo la herufi D ziligawanywa kati ya Ulaya na Japani. Chombo kikubwa kinachouzunguka mtambo wote kimetoka India, na sumaku ya katikati imetoka Marekani. Vipande vinavyotengenezwa mabara tofauti vilipofika, vingine havikulingana barabara penye maungio, na mabomba ya kupozea yakaonekana yana nyufa za kutu. Mwaka 2022 ilibidi kazi iliyokwisha kufanywa ifumuliwe na kurekebishwa.

Wakosoaji wanasema haya yanatosha kuufunga mradi. Wanakosea, lakini hasira yao ina msingi. Mgawanyo huo wa kazi ndio uliowafundisha wanachama wengi kutengeneza nyaya na sumaku ambazo kabla ya hapo hazikuwahi kutengenezwa kwa wingi kiasi hicho. Sehemu kubwa ya vifaa imekwisha kukamilika. Kuufunga leo kungekuwa kurudia msiba wa Livermore kwa kipimo cha mara hamsini. Lililo halali kudai ni kwamba kila senti inayoongezwa itolewe kwa masharti: hesabu ziwe wazi, ratiba ikaguliwe na watu wasio wa mradi, na mradi huu usiruhusiwe kumeza fungu la kazi nyingine zilizo muhimu sawa nao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

SILAHA NDANI YA VAZI LA UMEME

Desemba 5, 2022, katika maabara ya Livermore, miale 192 ya leza ilielekezwa kwenye punje moja ya fueli. Leza zilipeleka megajuli 2.05 za nguvu, na punje ikarudisha megajuli 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kupata ndani ya maabara nguvu ya muungano iliyozidi ile iliyoipiga fueli. Ni ushindi wa kweli wa sayansi, wala haufai kubezwa.

Lakini magazeti mengi yaliyoandika kwamba umeme usio na mwisho umepatikana hayakuwaeleza wasomaji mambo mawili. La kwanza ni kwamba ili kuzifyatua leza hizo, zilivutwa megajuli zipatazo 300 kutoka kwenye gridi. Kwa kipimo anachokijua kila mwenye mita nyumbani, ziliingia uniti 83 hivi, na ikatoka isiyotimia hata uniti moja. La pili ni kwamba maabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya umeme. Ilijengwa kwa dola zipatazo bilioni 3.5 na idara inayosimamia silaha za nyuklia, ili baada ya Marekani kusimamisha majaribio ya mabomu mwaka 1992 wataalamu waweze kuyachunguza mambo ya bomu bila kulilipua.

Hapa ndipo hesabu zinapowachanganya wananchi. Kwa mwaka wa fedha 2023 fungu la utafiti wa aina hii katika idara ya silaha lilipita dola milioni 600. Mwezi Desemba mwaka huo Wizara ya Nishati ya nchi hiyo ilitangaza dola milioni 42, zitakazotumika kwa miaka minne, kwa ajili ya vituo vya kuchunguza kama leza zaweza kweli kuzalisha umeme. Serikali ya Marekani ina haki ya kuamua sera yake ya ulinzi mbele ya wapigakura wake. Haina haki ya kuyaita mamilioni ya bomu kuwa mamilioni ya taa. Mwananchi anayehesabu kiasi kilichotumiwa katika utafutaji wa nishati, akajumlisha na haya, atafikia hukumu isiyo ya haki juu ya utafiti wa nishati wenyewe.

WENYE MITAJI WANAINGIA

Katika miaka ya karibuni limetokea jambo jipya. Makampuni ya watu binafsi yamejitokeza kwa wingi na kuahidi vinu vya umeme mapema kuliko serikali yoyote. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2025 na chama cha makampuni hayo, fedha zilizokusanywa tangu mwanzo zimefikia dola zipatazo bilioni 9.7. Kampuni ya Helion ilisaini na Microsoft mwaka 2023 mkataba wa kuiuzia umeme kuanzia mwaka 2028. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems, inayojenga mtambo wa SPARC katika jimbo la Massachusetts, ilikubaliana na Google mwezi Juni 2025 juu ya megawati 200 kutoka kinu ambacho bado hakijajengwa.

Ni vyema mitaji hiyo ije. Lakini yafaa ijulikane inatoka wapi elimu inayoitumia. Kampuni ya pili iliyotajwa ilizaliwa ndani ya Chuo cha MIT mwaka 2018. Wengi wa wataalamu wa chuo hicho walikomaa katika tokamaki ya Alcator C-Mod, iliyogharimiwa na serikali kwa zaidi ya miaka ishirini hadi fedha zilipokatwa na ikafungwa mwaka 2016. Mlipa kodi aliwasomesha, akawajengea mtambo na kuwalipa mishahara. Mwenye mtaji akaja kuvuna. Hilo si dhambi, maana mtaji huo umezaa tunda. Mwezi Septemba 2021 kampuni hiyo na MIT walionyesha sumaku ya aina mpya yenye nguvu ya tesla 20, ambayo yaweza kuifanya tokamaki iwe ndogo sana kuliko ile ya Cadarache. Lakini anayelima shamba ana haki ya kuuliza fungu lake la mavuno, na pia ana haki ya kujua kwamba mtaji huenda palipo na faida ya karibu. Kampuni hushindana kuwasha plazma kwa sababu plazma iliyowashwa huvuta wawekezaji. Hakuna mwekezaji anayekimbilia kupima kwa miaka kumi na mitano jinsi chuma kinavyochakaa.

PENGO LENYEWE

Chuma hicho ndicho kiini cha hoja yote. Mafanikio yaliyopatikana katika plazma ni makubwa. Mtambo wa JET huko Culham, katika majaribio yake ya mwisho mwaka 2023, ulitoa megajuli 69 kwa kutumia fueli isiyofika nusu ya miligramu. Ni joto linalolingana na uniti 19 hivi za umeme. Mwezi Februari 2025 mtambo wa WEST wa Ufaransa uliishikilia plazma kwa sekunde 1,337. Swali la kama plazma yaweza kutawaliwa linajibiwa hatua kwa hatua. Maswali mawili mengine hayajapewa fedha za kutosha kujibiwa.

La kwanza ni la tritiamu. Kinu chenye nguvu ya muungano ya megawati 1,000 kikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama huteketeza kilo zipatazo 55 za tritiamu. Akiba yote ya kiraia duniani inakadiriwa kuwa kilo 25 hadi 30, nyingi ikiwa imetoka katika vinu vya maji mazito vya Kanada. Nayo haikai: hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Maana yake ni kwamba kinu kimoja tu kingemaliza akiba ya dunia nzima katika muda wa miezi michache, isipokuwa kijitengenezee tritiamu yake mwenyewe kwa kuzinasa nutroni katika blanketi la lithiamu linaloizunguka plazma. Blanketi la namna hiyo limechorwa mara nyingi katika karatasi. Hakuna mahali popote duniani ambapo limewahi kuthibitishwa katika kinu kinachojitosheleza. ITER itajaribu vipande vidogo tu, tena baada ya miaka mingi.

La pili ni la chuma chenyewe. Nutroni zitokazo katika muungano zina nguvu nyingi kuliko zile za vinu vya kawaida. Zinapopenya ukuta huzihamisha atomi kutoka mahali pake na kuzalisha heliamu ndani ya chuma, hata chuma kikavimba na kuwa chepesi kuvunjika. Katika uhai wote wa ITER atomi za ukuta zitahamishwa kwa wastani mara tatu tu au chini ya hapo. Katika kinu cha umeme zitahamishwa makumi ya mara. Chombo cha kujaribia vyuma kwa nutroni za namna hiyo kimezungumzwa tangu miaka ya 1990. Ndipo sasa tu kinajengwa, karibu na Granada nchini Hispania, kwa jina la DONES. Kizazi kizima cha watafiti kimestaafu kikisubiri chombo ambacho gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya Cadarache.

Wataalamu wenyewe wameliona pengo hili. Mpango wa muda mrefu uliotolewa na kamati ya washauri wa serikali ya Marekani mwaka 2021 ulitaka uzito uhamishiwe kwenye vifaa na ufundi wa kinu. China ilianza mwaka 2019 kujenga Hefei kituo cha kujaribia sehemu za kinu, kabla ya kuwa na kinu chenyewe. Fundi mwenye busara hupima mbao kabla ya kununua misumari.

PINGAMIZI NA JIBU

Litatokea pingamizi kwamba haya yote hayana haja, kwa sababu umeme wa jua na wa upepo umekwisha kuwa rahisi. Pingamizi hilo ni zito. Gharama ya umeme wa jua kutoka mitambo mikubwa ilishuka kwa karibu asilimia 90 katika muongo mmoja ulioanza 2010, na hakuna anayeweza kumwambia mtu aliye gizani leo asubiri hadi ITER iwashwe. Kupunguza hewa ya ukaa ni kazi ya miaka hii, na muungano wa viini hautawahi kuifanya. Anayeunadi kama dawa ya tabianchi ya muongo huu anadanganya.

Lakini hoja hiyo haimalizi mjadala. Mwaka 2024 uwekezaji wa dunia katika nishati safi ulikadiriwa kufikia dola trilioni 2. Katika mwaka huo huo fungu la serikali ya Marekani kwa utafiti wa nishati ya muungano lilikuwa dola milioni 790. Aliyemnyima mkulima taa ya jua si mtafiti wa plazma. Fedha za namna hii zikiondolewa huko hazitajenga mabwawa wala kutandaza nyaya vijijini. Zitapotea katika bajeti, kama zilivyopotea za mwaka 1996. Aidha, karne hii haitakwisha mwaka 2050. Viwanda, miji mikubwa na wajukuu wa waliopo leo watahitaji nguvu isiyotegemea upepo wala mawingu, na utafiti usipofanywa sasa hautakuwapo utakapohitajika.

MPANGILIO UNAOFAA

Kutokana na hayo yote, mpangilio wa haki wa fedha za umma unajitokeza wenyewe. Kwanza, fungu la vyuma, la tritiamu na la blanketi lilindwe kisheria lisimezwe na miradi mikubwa, kwa sababu hapo ndipo palipo na pengo ambalo mwenye mtaji hataliziba. Bila hayo, kampuni itakayofaulu kuwasha plazma itajikuta na moto usio na chungu wala kuni.

Pili, ITER ikamilishwe, kwa kiwango cha fedha kilichowekewa ukomo na kwa taarifa za kila mwaka zinazoeleweka na wabunge wasio wanasayansi.

Tatu, makampuni yalipwe na umma kwa kazi iliyokamilika, wala si kwa ahadi. Marekani ilianza utaratibu wa namna hii mwaka 2023 ilipotenga dola milioni 46 kwa makampuni manane, yalipwe kila yanapofikia shabaha iliyokubaliwa. Liongezwe sharti kwamba elimu iliyonunuliwa kwa fedha za umma irudi kwa umma.

Nne, utafiti wa silaha uandikwe katika daftari la silaha. Tano, bajeti zipangwe kwa miaka mingi kwa pamoja, kwa maana mtaalamu wa plazma hufunzwa kwa miaka kumi na hupotea kwa barua moja ya kupunguza wafanyakazi.

Jambo hili haliwahusu matajiri peke yao. Katika viti saba vya ITER hakuna hata kimoja cha nchi ya Afrika, bara lenye watu wapatao milioni 600 wasio na umeme, ambalo viongozi wake walikutana Dar es Salaam mwezi Januari 2025 kuweka shabaha ya kuwafikishia umeme watu milioni 300 kabla ya mwaka 2030. Shabaha hiyo itafikiwa kwa maji, jua, gesi na nyaya, wala haitangoja plazma ya mtu. Lakini siku vinu vya muungano vitakapokuja kuuzwa, bei na masharti yake yatapangwa na yule anayemiliki ujuzi. Yakiwa matokeo ya vyuma na tritiamu yamegharimiwa na umma na kuchapishwa wazi, kijana wa Dodoma ama Kinshasa atayasoma na kuyafanyia kazi bila kuomba ruhusa. Yakiwa yamefungiwa ndani ya makabati ya makampuni machache, nchi changa zitanunua jua kama zilivyonunua mafuta, kwa bei wasiyoipanga wao.

Mwaka 1969 Waingereza na Warusi, waliokuwa wameelekezeana makombora, walikaa chumba kimoja mjini Moscow wakasoma kipimo kimoja na kukubaliana. Hakuna hatua iliyoisukuma mbele kazi hii kuliko ile, nayo ilitokana na elimu iliyowekwa mezani mbele ya wote. Serikali zinazopanga mafungu yao leo zinao mfano huo. Zifuate mfano huo katika kuchagua cha kulipia kwanza.